Nani Anahesabu Siku za Pampu Iliyokufa?



Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba, ambacho hatukitaji jina kwa sababu kingeweza kuwa kijiji cha yeyote kati yetu, ipo pampu ya mkono iliyosimama ndani ya uzio wa miti. Sakafu yake ya saruji bado inaonyesha maandishi ya siku ya uzinduzi. Ukiushika mpini unapanda na kushuka bila uzito wowote, na maji hayatoki. Tulipouliza imekaa hivyo kwa muda gani, mzee mmoja alijibu mwaka, mwenzake akasema miaka miwili. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika ndoo kutoka bondeni akasimama, akasema, "Tangu nilipomzaa huyu." Akamwonyesha mtoto aliyeshika pindo la khanga yake, mtoto wa umri wa kuanza shule ya awali. Kumbukumbu ya kijiji juu ya pampu ile ilikuwa ni mtoto huyo peke yake. Katika ofisi ya kijiji hakukuwa na karatasi hata moja.

Tunaandika kwa ajili ya karatasi hiyo isiyokuwapo. Tumechoka kuambiwa kwamba maji ya vijijini ni tatizo la utaalamu, au la umaskini, au la mapenzi ya Mungu. Tunasema ni tatizo la kutohesabu, na kutohesabu huko si bahati mbaya.

Tuanze na mpini mwepesi, maana hauna fumbo lolote. Chini kabisa ya kisima, ndani ya maji, kuna silinda yenye pistoni. Pistoni hiyo inaunganishwa na mpini ulioko juu kwa fimbo nyembamba za chuma, ambazo mafundi wetu huziita rodi, zilizofungwa moja baada ya nyingine ndani ya bomba la kupandishia maji. Katika pampu iliyoenea sana duniani, ile iliyobuniwa India katika miaka ya 1970 na kuitwa India Mark II, kila rodi ina unene wa milimita 12 na urefu wa mita 3, hivyo silinda iliyoko mita 30 chini huhitaji rodi kama 10. Ukishusha mpini, rodi zinavutwa juu, pistoni inabeba maji yaliyo juu yake, na vali ya chini inafunguka kuingiza maji mapya. Ukiupandisha mpini, vali ya chini inajifunga, pistoni inashuka, na vali iliyo ndani yake inafunguka ili maji yapite. Hayo ndiyo yote. Rodi moja ikikatika, au ikijifungua mahali zinapoungana, mpini hauvuti tena kitu. Ndipo unapokuwa mwepesi.

Na akina mama wanajua zaidi ya hapo. Maji yakichelewa asubuhi mpaka mpini upigwe mara nyingi, vali ya chini inavuja na maji yameshuka usiku. Ndoo ikichukua muda mrefu zaidi kujaa wiki hii kuliko wiki iliyopita, washa za pistoni zimelika. Maji yakija mekundu, yakachafua nguo nyeupe na kubadili rangi ya ndizi sufuriani, basi chuma kinaliwa na kutu, kama ilivyo kawaida penye maji yenye asidi. Mkono wa mama huyagundua haya yote mapema, kabla fundi hajaitwa na kabla maji hayajakatika. Je, ni kamati ngapi za maji katika vijiji vyetu zimewahi kumwuliza mama huyo, na kuandika alichosema?

Sasa tuhesabu kidogo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu hao wanahitaji lita 6,250 kila siku. Tuseme pampu nzima inatoa lita 12 na nusu kwa dakika kwa mapigo 40. Maana yake ni dakika 500 za kupiga mpini, zaidi ya saa 8, na mapigo 20,000 kila siku inayokuja. Kwa mwaka ni mapigo 7,300,000. Katika kila pigo rodi inavutwa na uzito wa maji, kisha inalegezwa. Chuma kinachovutwa na kulegezwa mara milioni 7 kwa mwaka huchoka, na chuma kilichochoka hukatika. Anayeshangaa rodi kukatika hajafanya hesabu hii. Na aliyezindua pampu bila kuweka akiba ya rodi alijua, au alipaswa kujua, kwamba anazindua kitu kitakachokufa.

Yuko mahali pengine mtu aliyeifanya hesabu hii mpaka mwisho. Mtambo tuliouelezea, wenye silinda chini, pistoni, vali mbili na mlolongo wa rodi mpaka juu, ndio huohuo unaoinua mafuta katika visima vingi mno vya dunia, mahali ambapo mafuta hayana nguvu ya kupanda yenyewe. Tofauti ni ukubwa. Rodi moja ya kisima cha mafuta ina urefu wa zaidi ya mita 7, na mlolongo wake unaweza kushuka zaidi ya kilomita moja. Mahali pa mikono ya akina mama pamewekwa mota na boriti ndefu ya chuma inayopanda na kushuka, ambayo ncha yake iliyopinda huitwa kichwa cha farasi. Mtambo wa namna hiyo wenye uzani wa kusawazisha ulibuniwa na Walter Trout huko Lufkin, Texas, mwaka 1925, nao ukipiga mara 10 kwa dakika, usiku na mchana, unapata mapigo 5,256,000 kwa mwaka. Msomaji aone mwenyewe: pampu ya kijiji cha Muleba inapigwa mara nyingi zaidi kuliko mtambo wa Texas.

Lakini rodi ya Texas ikikatika, nini hutokea? Kuna chombo kinachopima uzito unaobebwa na rodi katika kila pigo na kuuchora kama picha. Fundi akiitazama picha hiyo anatambua kama vali inavuja, kama pistoni imelika, kama rodi imekatika na iko takribani wapi. Ni ujuzi uleule wa mkono wa mama, isipokuwa huko umeandikwa na kuna mshahara wa kuusoma. Gharama ya kuvuta rodi na kuzibadilisha ipo katika hesabu za kisima tangu kabla hakijaanza kutoa mafuta. Hawangoji rodi ikatike ndipo waitishe mkutano wa hadhara. Wanajua itakatika, kwa hiyo rodi nyingine iko stoo, gari liko tayari, na mtu wa kwenda ana jina. Sababu yake ni nyepesi: kila siku kisima kinaposimama, kuna mapipa ambayo hayakuuzwa, na mwenye mapipa anasoma ripoti jioni ile ile.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kuishika. Kisima cha mafuta kikisimama, hasara ina mwenyewe, na mwenyewe ana sauti. Kisima cha maji kikisimama, hasara inahamia kwenye vichwa na migongo ya akina mama na watoto wa kike, ambao huilipa kimya kimya kwa kutembea. Haionekani katika daftari lolote la serikali, la mfadhili wala la parokia. Kisichoandikwa hakidaiwi, na kisichodaiwa hakilipwi.

Tunatoa mfano wa mafuta kwa sababu mafuta yenyewe yamepangiwa kupita katikati ya migomba yetu. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, ambalo uamuzi wa mwisho wa kuliwekea fedha ulitangazwa Februari 1, 2022, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Katika mkoa wetu njia yake inapita Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Hatutarajii kuona vichwa vya farasi huko Uganda. Visima vyao vimepangiwa mbinu nyingine. Mojawapo, na hili tunaomba lisomwe mara mbili, ni kuchota maji ya Ziwa Albert na kuyasukuma ardhini ili yayasogeze mafuta kuelekea visimani. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba limepangwa kuvikwa kizuia-joto na kupashwa moto kwa umeme ili yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi, na vituo sita vya pampu vimepangwa kuyasukuma njiani. Pamoja na bomba inakwenda kebo ya nyuzi za kioo, ili aliye mbali sana ajue joto limeshuka wapi na kama kuna mahali panapovuja.

Tutafakari hayo sisi tunaoishi juu yake. Bomba litakuwa na habari zake kila dakika, hata lipite chini ya shamba la mjane asiyejua kusoma. Pampu ya mjane huyo iliyoko mita mia chache kutoka hapo inaweza kusimama mpaka mtoto akue, na asiwepo mtu wilayani anayejua tarehe iliyokufa. Mpango ni bomba hilo kupitisha mapipa 216,000 kwa siku, yaani zaidi ya lita milioni 34. Kama yangekuwa maji, kwa kiwango cha lita 25, yangewatosha watu zaidi ya milioni 1.3, karibu nusu ya watu 2,989,299 waliohesabiwa Mkoa wa Kagera mwaka 2022. Kwa hiyo tusielezwe tena kwamba kuinua kitu kiowevu kutoka ardhini na kukifikisha kwa watu ni kazi iliyoishinda Afrika Mashariki.

Watatujibu kwamba tunalinganisha visivyolingana: mafuta yanajilipia, maji hayajilipii. Tumelisikia jibu hili katika semina, tena kutoka kwa watu wema. Tunalikataa. Maji ya kijijini yanalipiwa kila siku, ila si kwa shilingi. Yanalipiwa kwa saa za akina mama ambazo zingekuwa saa za shamba la kahawa au za kupumzika, kwa vipindi vya darasani ambavyo binti hakuvikuta, kwa kuhara kwa watoto wanaokunywa maji ya bondeni. Gharama hiyo ipo na ni kubwa. Anayesema maji hayajilipii anamaanisha tu kwamba wanaolipa si watu anaowahesabu.

Wala hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1971 taifa lilijiwekea lengo la kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na nyumba yake ifikapo mwaka 1991. Kanda yetu ya Ziwa ilipata mradi wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza kuanzia 1985 hadi 2002, ukatuachia visima vifupi vyenye pampu za mkono na chemchemi zilizojengewa. Wazee wetu wanaukumbuka kwa shukrani, nasi pia. Kisha ikaja sera ya 2002 iliyowataka wananchi wamiliki vyanzo na kubeba gharama za uendeshaji. Ikafuata Sheria Na. 12 ya mwaka 2009 iliyounda vyombo vya watumiaji maji. Na Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuviweka vyombo vya jamii vinavyotoa huduma ya maji chini ya uangalizi wake. Majina yamebadilika mara nyingi. Rodi ni ileile.

Katika mabadiliko hayo yote limepenya neno moja tamu, nalo ni umiliki. Kijiji kimeambiwa, pampu hii ni yenu. Lakini umiliki wa kitu ambacho vipuri vyake havipatikani ni umiliki wa jeneza. Soda hufika Bumbire na Ikuza, visiwani, na muda wa maongezi unauzwa penye kila mti wa kivuli; washa ya mpira ya pistoni mtu huifuata kwa nauli mpaka mjini, na akifika huambiwa iagizwe. Wakati huohuo wabunifu wa pampu walishalitambua jambo hili siku nyingi. Katika miaka ya 1980, kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kwale, Kenya, ilibuniwa pampu ya Afridev, ambayo pistoni yake hutolewa kwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe, na rodi zake huunganishwa kwa kulabu, ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua kwa spana moja. Ilikusudiwa mikono ya akina mama. Basi kwa nini bado tunapokea pampu yoyote anayotuletea mfadhili, bila kuuliza nani atauza mpira wake na wapi? Tunaogopa kuonekana hatuna shukrani. Tunapiga vigelegele, utepe unakatwa, picha inapigwa, na pampu inaingia katika hesabu ya miradi iliyokamilika. Haitoki tena katika hesabu hiyo, hata ikifa.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, maana kidole kinachoonyesha ofisi za wilaya kina vingine vitatu vinavyotuelekea. Wenyeviti na wahazini wengi wa kamati za maji ni sisi hawahawa: viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya, makatekista. Katika kijiji kile cha mpini mwepesi mfuko wa maji ulikuwapo. Ulichangwa kwa miezi kadhaa, kisha ukakopwa kwa shughuli nyingine ya heshima kabisa, kwa ahadi ya kurudishwa baada ya mavuno ya kahawa. Haukurudishwa, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa aliyekopa na aliyekopesha wanakaa benchi moja Dominika. Rodi mbili zilizotolewa na fundi zilikutwa zimekuwa nondo katika kizingiti cha mlango. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunao uwezo wa kuipoteza hata yenye daftari.

Na akina mama katika kamati hizo? Wapo kwa idadi, kwa sababu miongozo inataka wawepo. Mara nyingi hupewa kazi ya kufagia uzio na kupanga foleni. Ufunguo wa sanduku la spana na kalamu ya mhazini hukaa kwa wanaume, ambao wengi wao hawajashika mpini huo mwezi mzima. Hapa ndipo dhambi ya kijamii inapoonekana wazi: mwenye kujua hali ya pampu hana kalamu, na mwenye kalamu hajui hali ya pampu. Tukumbuke mwanamke Msamaria, ambaye pale kisimani alitazama chombo cha kutekea na kina cha kisima. Alijua kazi yake. Hayati Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si', mwaka 2015, kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Haki ya namna hiyo haiwezi kungoja mpaka mhazini apate nafasi.

Kwa hiyo Tume inaomba jambo moja kwa kila jumuiya yenye pampu katika eneo lake, iwe ya serikali, ya mfadhili au ya parokia yenyewe, maana za parokia nazo zimo katika wafu. Linunuliwe daftari la kurasa 100. Likae nyumbani kwa mama anayeishi karibu na pampu, si ofisini. Aandike, au mtoto wake wa shule amwandikie, siku maji yalipoanza kuchelewa, siku yalipopungua, siku mpini ulipokuwa mwepesi, siku fundi alipoitwa, siku alipokuja, alichokitoa kisimani na mahali kilipopelekwa. Pampu ikiwa imekufa, kila siku iwekwe alama moja, na pembeni idadi ya kaya zilizokwenda bondeni.

Penye bomba la mafuta, daftari hilo liende na viongozi wa kijiji katika kila kikao wanachoitwa kuzungumza na wahusika wa mradi, na wasome kurasa zake kwa sauti kabla ya kuulizwa kama wananchi wanaridhika. Penye chombo cha watoa huduma ya maji, mhazini aisome hesabu ya mfuko mbele ya watumiaji wote kila baada ya miezi mitatu, na akina mama wanaoteka ndio wawe wa kwanza kuuliza maswali.

Kila mwisho wa mwezi ukurasa huo unakiliwe mara tatu: nakala kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya, nakala kwa Tume kupitia parokia. Kila nakala ipokelewe kwa saini na tarehe. Zile zitakazotufikia tutazibandika katika mbao za matangazo za makanisa, jina la kijiji na idadi ya siku. Kijiji chenye mpini mwepesi kimekwisha kununua daftari lake, na ukurasa wa kwanza umeanza kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto yule, kwa kuwa tarehe nyingine hawakuwa nayo.